Kisima Kilichoitikia

Enzi zetu sisi wa Kasulo, Septemba ilijulikana kwa pua kabla ya kujulikana kwa kalenda. Kulikuwa na harufu ya vumbi jekundu lililochoka kungojea mvua, harufu ya moshi wa nyasi zilizochomwa nje ya mji, na juu ya zote harufu ya madaftari mapya ambayo mama zetu waliyafunika kwa karatasi ya kaki, wakiikunja pembeni na kuipiga pasi kwa kiganja. Najua wengine mtacheka. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe, na tayari nasema "enzi zetu" kama bibi mwenye wajukuu. Lakini ninyi mliokulia Kolwezi, mtaani kwetu Kasulo, pamoja nami mnajua: mji wetu haumsubiri mtu azeeke. Unaondoka mtaani miaka michache tu, ukirudi unaikuta nyumba ya rafiki yako imekuwa ukuta, na barabara mliyochezea imekuwa shimo.

Tulicheza nzango katikati ya barabara, wasichana kwa mistari miwili, tukirusha miguu na kupiga makofi mpaka vumbi linatufika magotini. Lori likija tulisogea kidogo tu, tukamwambia dereva maneno ambayo mama zetu hawakutufundisha, kisha tukarudi. Wavulana walikuwa na magari ya waya yenye usukani mrefu, na kila mmoja aliliungurumia lake kwa mdomo. Ungeweza kufumba macho ukajua kama ni lori la mgodi au ni gari la kwenda Kasaji lililobeba watu na mihogo. Leo mtoto akitaka gari analitafuta kwenye simu, na mlio wake analetewa umeshatengenezwa. Midomo yao itafanya kazi gani, sijui.

Halafu kulikuwa na mabashi, yale maturubai ya rangi ya chungwa na ya bluu, yaliyotandwa juu ya mashimo katika viwanja vya watu. Ilikuwa imejulikana kwamba chini ya Kasulo, chini ya vitanda na majiko yetu, kuna lile jiwe jeusi lenye kobalti, na mwenye nyumba asiyechimba alichimbisha. Sisi watoto tuliona ni kawaida. Ulitumwa chumvi kwa jirani, ukaambiwa upite kando ya ukuta kwa sababu sebuleni kuna shimo, nawe ukapita kando ya ukuta. Wachimbaji, vijana waliotoka kila pembe ya Kongo, waliingia ardhini asubuhi kama wengine wanavyoingia ofisini. Mama yangu alikuwa na neno lake alilolirudia kila siku akinifunga vifungo vya shati: "Ukitembea, usikie miguu yako. Udongo ikilia, rudia nyuma."

Katika mtaa wote ule uliotobolewa, kiwanja kimoja tu hakikuwa na bashi, nacho kilikuwa cha shule yetu ya misheni. Majengo ya matofali mekundu, kanisa ubavuni, na ua uliofagiliwa hata mistari ya ufagio ikaonekana. Mkurugenzi wetu, tuliyemwita Tata Direkta, alikuwa pasta mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Wafanyabiashara walikuja na magari mazuri kumwomba awaachie kipande kidogo tu nyuma ya vyoo. Aliwapokea wamesimama, akawapa maji ya kunywa, akawasindikiza mpaka mlangoni. "Huku kwetu," aliwaambia, "tunachimba paka mu bichwa ya batoto," yaani vichwani mwa watoto tu.

Na ndani ya kiwanja hicho kulikuwa na mlango ambao tuliupita kwa heshima miaka yote: mlango wa mwaka wa sita. Darasa lile peke yake lilikuwa na vioo madirishani. Ndani, tuliochungulia tulisema, kuna ramani ya dunia yenye bahari zilizopauka, juu ya kabati kuna tufe linalozunguka ukiligusa, na kuna mwalimu wake, Maître Kabange. Maître Kabange alikuwa mrefu hata akainama kuingia darasani mwake mwenyewe. Ilisemekana kwamba mikononi mwake hakuna mtoto anayeanguka Tenafep, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa kuwa kuanguka mbele yake kunatisha kuliko kusoma. Watoto wa mwaka wa sita ndio waliogonga kengele, kile kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye boriti. Ndio waliopandisha bendera. Na siku ya kufungua shule, wao peke yao walipanda ngazi za kanisa wakaimba wimbo wa ufunguzi, shule nzima imesimama uani ikisikiliza. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliwatazama nikadhani ni watu wa umri wa mitume.

Basi zamu yetu ikafika.

Asubuhi ile shati langu jeupe lilikuwa limetiwa wanga hata likakaribia kusimama lenyewe. Mama alikuwa ametangulia na beseni la mikate, ile midogo ya kukaanga kwa mafuta, aliyoiuza kila siku mlangoni mwa shule. Nilipopita akajifanya hanijui, kwa kuwa nilikuwa nimemwomba hivyo. Mtu wa mwaka wa sita haitwi "kitoto yangu" mbele ya watu. Maître Kabange alitupanga kwenye ngazi bila kusema neno, akitushika mabega na kutuhamisha kama anapanga viti. Mikono yake ilikuwa mikubwa na miepesi.

Kando yangu aliwekwa msichana mgeni, amevaa kitambaa cheupe kichwani juu ya sare yetu ya bluu na nyeupe. Alininong'oneza kwamba anaitwa Zaina, kwamba baba yake ana lori la kupeleka bidhaa mpaka Kisenge, na kwamba wao asili yao ni Kindu, Waislamu. Baba alimleta kwetu kwa sababu ya sifa za Maître Kabange.

"Utaimba?" nikamuuliza.

"Tata alisema nisimame nao kwa heshima, lakini kinywa nifunge."

Niliona baba yake ana haki. Nilimhurumia kidogo, kusimama kwenye ngazi zile, mahali tulipopatamani miaka yote, na mdomo umefungwa. Maître Kabange akainua mkono, tukaanza.

Sijui kama tuliimba vizuri. Najua kwamba nilisikia sauti yetu ikigonga ukuta wa madarasa na kuturudia, kubwa kuliko sisi. Nikawaza: kumbe ndivyo walivyokuwa wanasikia hawa wakubwa. Tulikuwa tumeingia ubeti wa pili nilipoliona bati likitikisika.

Pembeni mwa ua, upande wa kanisa, kulikuwa na kisima cha zamani kilichokauka kabla hatujazaliwa. Kilikuwa kimefunikwa kwa mbao na bati, na juu yake udongo kidogo ambapo kuku wa mlinzi walipenda kulala. Kuku waliruka. Bati likainuka upande mmoja, likaanguka kwa kishindo, na mkono ukatoka ardhini. Baada ya mkono kikatoka kichwa chenye taa kipajini, na uso mzima wa kijivu, nywele za kijivu, kope za kijivu, kama mtu aliyefinyangwa kwa majivu.

Wimbo ulikatika. Watoto wadogo walipiga magoti, wengine kwa kuomba na wengine kwa kuishiwa nguvu, na mvulana mmoja wa mwaka wa pili, aliyesoma sana shule ya Jumapili, akapiga kelele: "Lazaro!"

"Mi siko mufu," yule mtu akasema, akikohoa. "Niko Dieumerci." Kisha akatutazama sisi tulio kwenye ngazi, na macho yake, mekundu katikati ya ule ujivu, yalikuwa ya mtu anayeomba maji. "Juu ya nini munanyamaza? Muimbe! Benzangu beko chini, banafwata ile mwimbo!"

Walimu walimvuta nje, wakamketisha ardhini, wakampa maji, na akaeleza kwa maneno mafupi mafupi. Alikuwa mchimbaji, mzaliwa wa Mbuji-Mayi. Yeye na wenzake wawili walikuwa wameingia kwenye shimo la kiwanja kingine, ng'ambo ya barabara. Mlango wao ulianguka nyuma yao. Wakatambaa kwenye njia za chini, moja inaingia nyingine, nyingine zimechimbwa na watu wasiowajua, taa zikififia, wasijue wanaelekea wapi. Ndipo wakasikia watoto. Sauti ilishuka kupitia kisima, ambacho njia moja ilikuwa imekitoboa ubavuni, na Dieumerci, aliyekuwa mbele, akaifuata mpaka akaona nuru kwenye nyufa za mbao. Wenzake walikuwa bado humo, mmoja na taa inayozimika, mwingine bila taa kabisa.

Wachimbaji wa jirani walifika mbio na kamba na taa. Wawili walishuka. Tuliwasikia wakiita majina, na majina yakawarudia kutoka pande zote. Walipotoka kupumua walikuwa wamechanganyikiwa. Dieumerci akatikisa kichwa. "Kelele inapotea mule. Inakutokea huku, inakutokea kule. Lakini mwimbo inaendelea, muntu anaweza kuishika sawa kamba."

Tata Direkta akamtazama Maître Kabange. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Tata Direkta," Maître Kabange alisema polepole, "udongo inaweza kuanguka, na batoto juu yake."

"Najua."

"Badogo batoke bote."

"Batoke. Na ba sixième?"

Maître Kabange alitugeukia sisi wa mwaka wa sita. Mtu yule tuliyemwogopa miaka mitano aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na nyuso zetu. "Hapa kwenye saruji ya kanisa ni imara, mi mwenyewe nilikuwa hapa walipoijenga. Lakini siwezi kuapa. Mwenye kuogopa aende kwa mama yake. Hakuna mwenye atamucheka." Wachache walitoka, na kweli hakuna aliyewacheka. Sisi wengine tulibaki. Isiwe mtu akaita ushujaa. Mimi miguu ilikuwa imekataa kwenda popote.

Akatupanga kwenye veranda ya kanisa, upande wa kisima, tukaanza tena kutoka mwanzo. Wakati ule kina mama walikuwa wameshajaa mlangoni, na mlinzi hakuweza kuwazuia. Mama yangu alipita katikati yao, mikono bado ina unga, akanifikia. Nilijua nitavutwa sikio mbele ya watu wote. Hakunivuta. Alisimama nyuma yangu akaushika mshipi wa sketi yangu kwa ngumi, kwa nguvu hata nikasimama kwa vidole.

"Mama," Maître Kabange akamwambia kwa upole, "umuache aimbe."

"Aimbe," mama akajibu. "Mi nashika."

Akashika. Kina mama wengine wakaona, wakaja nao wakasimama kila mmoja nyuma ya wake, wakishika mishipi, mashati, mikono. Hivyo ndivyo tulivyoimba: mstari wa watoto mbele, mstari wa mama nyuma, na baada ya muda mama nao wakaanza kuitikia. Tulimaliza wimbo wa ufunguzi tukaurudia. Tuliimba za Krismasi, nayo ilikuwa Septemba. Tuliimba za maziko, Maître Kabange akatukatiza haraka akatupa nyingine. Jua lilipanda juu ya paa, vivuli vyetu vikaingia chini ya viatu vyetu. Vumbi lilikaa kooni kama pamba. Kila wimbo ulipoisha tulisikiliza kwa pumzi moja, na kutoka mdomoni mwa kisima ilikuja sauti ndogo sana, "Eeee!", nasi tulidaka wimbo mwingine kana kwamba tumechapwa.

Nimeona mambo makubwa tangu siku ile. Nimepanda ndege, nimeona mashimo ya mgodi yanayoweza kumeza mtaa mzima. Lakini sijaona kitu kilichonishangaza kama kile, kwamba mimi, niliyekuwa siwezi hata kugawanya vizuri namba zenye mkato, nilifungua kinywa na mtu mzima chini ya ardhi akageuka na kuja upande wangu.

Alitoka mzee mfupi mwenye mwanya, jina lake Tata Kalala, akalala kifudifudi uani akishika udongo kwa mikono miwili. Tulishangilia. Yeye hakushangilia. Alisema mwenzao wa tatu, Saidi, aliangukiwa na jiwe mguuni, akabaki kwenye njia ya ndani zaidi. Mwanzoni alikuwa anaitika. Sasa haitiki tena, na wale walioshuka hawajui ni njia ipi, maana pale zinagawanyika.

Tukaimba. Tukanyamaza, tukasikiliza. Kisima kilikuwa kimya.

"Saidi ni muntu wa Kindu," Dieumerci akasema. "Mu-Islamu. Hii minyimbo yenu haijue. Mule mu giza, na mulango iko inamuuma, pengine anawaza ni bamalaika banakuya kumukamata. Angesikia kintu ya kwabo..."

Alisema "mulango", akajisahihisha, "mukulu," yaani mguu. Ulimi wake ulikuwa umechoka. Hakuna aliyecheka.

Zaina aliinua mkono. Aliinua kama unavyoinua darasani, kidole juu, kiwiko kimeshikwa na mkono mwingine, akangoja aitwe. Toka asubuhi alikuwa amesimama kando yangu, mdomo umefungwa, kama baba yake alivyomwagiza.

"Maître," akasema, "mi najua ya kwetu."

Tata Direkta na Maître Kabange walitazamana. Kisha Maître Kabange akachukua kamba, akamfunga Zaina kiunoni, akaizungusha kamba kwenye mkono wake mwenyewe, akaketi ardhini na kukaza miguu. Mbao ziliwekwa mpaka ukingoni. Zaina alitambaa juu ya mbao hizo, akalaza kifua, akaingiza kichwa na kitambaa chake cheupe ndani ya kisima, akaimba.

Ilikuwa kaswida aliyofundishwa na bibi yake, ya kumsifu Mtume. Maneno mengine yalikuwa Kiarabu, mengine Kiswahili cha kwao cha Maniema. Sauti yake ilikuwa nyembamba na haikutetemeka. Ilipanda, ikakaa juu muda mrefu kuliko pumzi ya mtoto, ikashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi akiwa amebeba maji. Tata Direkta, pasta wa kanisa lile, akavua kofia. Hakuna mama aliyenong'ona. Hata malori ya barabarani naona kama yalinyamaza, ingawa akili yangu inajua kwamba haiwezekani.

Zaina alimaliza ubeti, akasimama mahali ambapo watu huitikia.

Na kisima kikaitikia.

Ilikuwa sauti ya mwanaume, imepasuka, mbali sana, lakini ilikuwa kwenye mahadhi sawasawa na neno lake lilikuwa lilelile. Mama nyuma yangu alisema "Yesu wangu!" na mama mmoja wa Kiislamu, muuza vitenge aliyekuwa ameingia na umati, akasema lake, wakashikana mikono bila kutazamana. Zaina hakugeuka. Alianza ubeti wa pili. Saidi aliitikia wa pili. Na wale walioshuka na kamba, wakiwa wametulia gizani, sasa walikuwa na sauti ya kufuata. Wakaifuata, ubeti kwa ubeti, hadi uitikio ukakatika katikati na badala yake tukasikia kelele nyingi za furaha, za watu waliopatana.

Walimtoa akiwa amefungwa kwenye ubao, mguu umenyooshwa kwa mti, uso wake wa kijivu una michirizi miwili iliyosafika. Kabla hawajampeleka hospitalini aliuliza ni nani aliyeimba. Wakamwonyesha. Nadhani alitegemea mtu mzima. Alimtazama yule msichana mwenye kitambaa kilichochafuka udongo, akamtazama tena.

"Hii mama yangu njo anaimbaka," akasema. "Nilijua niko nyumbani. Nikasema, kumbe mama iko huku, tuitike."

Tulidhani sasa tutaruhusiwa kwenda nyumbani. Watu walikuwa wanalia, wanacheka, mikate ya mama yangu ilikuwa imegawiwa yote bure. Maître Kabange akafungua kamba kwenye mkono wake, ambao ulikuwa na alama nyekundu kuzunguka, akajikung'uta magoti, akaelekea kwenye ule mlango wa darasa lenye vioo, akainama.

"Ba sixième," akaita kutoka ndani. "Somo ya kwanza bado."

Tukaingia. Nakumbuka ubaridi wa darasa lile, ramani iliyopauka, tufe juu ya kabati kama walivyosema. Alitupa imla ya Kifaransa. Aliandika tarehe ubaoni kwa mkono ule wenye alama ya kamba, mwandiko ukawa mbaya, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Sisi wenyewe sauti zilikuwa zimekauka, hata alipouliza swali tulimjibu kwa vichwa. Zaina aliketi kando yangu. Alipata makosa mengi kuliko mimi, na nilifurahi kidogo, maana nilihitaji kitu cha kumzidi.

Siku iliyofuata baba yake alikuja. Tulimwona akishuka kwenye lori lake, mtu mkubwa mwenye kanzu, na darasa zima likajua kwamba amekuja kumwondoa mtoto wake, aliyeimba kwenye shule ya Wakristo. Zaina alikuwa tayari anakusanya madaftari. Baba akasimama mlangoni, akamsalimu mwalimu kwa mikono miwili.

"Nilimuambia afunge kinywa," akasema. "Sikumuambia muntu afe." Kisha akamtazama binti yake. "Rudisha madaftari. Keti." Akaondoka. Zaina alibaki, tukafanya Tenafep pamoja, tukafaulu wote, kama kila mtu alivyosema watoto wa Maître Kabange wanafaulu.

Kisima kilijazwa mawe wiki ileile. Dieumerci hatukumwona tena. Labda alirudi Mbuji-Mayi, labda alihamia mashimo mengine. Sisi tulibaki na imani kubwa kuliko miili yetu. Kwa hiyo mvua zilipoanza, na shimo moja likaanguka barabara ya pili kutoka shuleni, na vilio vikasikika, hatukungoja kuambiwa. Darasa zima lilikimbia, Zaina mbele. Tulisimama kwenye matope tukaimba, zetu na zake, mpaka tope likatufika kwenye soksi. Hakuna aliyeitikia. Maître Kabange alikuja na mwavuli ambao haukumtosha hata yeye. Hakutugombeza. Alisimama nasi, akaimba nasi wimbo wa mwisho, kisha akatupeleka nyumbani mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Siku ile nilijifunza nusu ya pili ya lile nililolijifunza Septemba, kwamba si kila wimbo huitikiwa.

Mwaka huu nimempeleka binti ya dada yangu kuanza mwaka wa sita. Shule yake iko mbali na machimbo, ina sakafu ya vigae, ina spika kubwa mbili uani, na wimbo wa ufunguzi unatoka kwenye spika. Watoto wanatikisa vichwa tu. Nilimsimulia habari ya Dieumerci njiani, akasikiliza kwa adabu, akaniuliza: "Tantine, hakuna mwenye alifilme?" Nikamwambia hakuna. Akanihurumia. Wao wangefilmu, na taa ya simu ingewashwa vizuri, na dunia nzima ingejua kabla huyo mtu hajamaliza kukohoa. Siwezi kusema wanakosea. Wanajua mengi, watoto hawa. Kifaransa chao kinatiririka, na tufe wanalizungusha kwa kidole kwenye kioo.

Shule yetu ilihamishwa. Pale Kasulo wamejenga ukuta, wachimbaji wako ndani yake, watoto wako nje, na mtoto haruhusiwi kukaribia. Wanasema hivi ni salama zaidi, nami naamini ni kweli. Ningekuwa na mtoto nisingependa asimame tulipokuwa tumesimama. Ila nikipita pale na kuona ukuta umekwenda mpaka mwisho wa macho, huwa nawafikiria wale walio chini. Enzi zetu tulikuwa jirani mno, wao ardhini na sisi juu yao tukikariri mafungu ya namba, kiasi kwamba mtu akipotea gizani aliinua uso tu, akajua kwamba juu ya kichwa chake kuna watoto.